Mtoto Mweupe wa Wino

Mwello, 4 Februari 2024

Mjukuu wangu Caro,

Umeamkaje huko Busia, na mume wako Arthur ameamkaje? Mimi goti linanisumbua, lakini mdomo ni mzima. Anayeniandikia ni Joanita, mke wa katekista. Anataka nianze kwa upole, nimemkataza. Simu unanikatia; karatasi utaikatia wapi?

Nilipokuja Krismasi nilisikia unapanga mbwa wako Wino apandwe na dume wako Kanali. Caro, Wino ni mtoto wa Kanali. Kwetu kijana akimtaka msichana wa ukoo wake wazee wanaitana kikao. Babu yako Othieno alifuga mbwa wa kuwinda. Jike akiwa na joto, alimtembeza kwa miguu hadi Bulumbi, kwa watu ambao mbwa wao hawakujuana na wetu. Hakusoma, kama mimi. Ila hilo alilijua.

Eti wateja wanataka shepadi mweusi tii, mweusi ni mkali, usiku halali usingizi. Mimi nimefuga mweusi. Alilala mpaka mwizi akabeba kuku pamoja na kamba ya kuku.

Usimrudishe kwa baba yake.

Nyanya yako

Busia, 19 Februari 2024

Nyanya mpendwa,

Pole kwa goti. Osire wa bodaboda anakuletea dawa ya kuchua pamoja na barua hii. Sisi tuko sawa, jua tu ndilo kali.

Ya kuku tumecheka, hata Arthur. Lakini umechelewa, Wino ana mimba tayari. Na mbwa si watu wa ukoo. Nikimpeleka kwa dume wa nje nitapata watoto wenye miguu ya kahawia, na hao atawataka nani? John Paul wa duka la mabati ameagiza mweusi, mwenye gesti ameagiza wawili. Wanasema mwenye doa ni mwoga. Baba mweusi, binti mweusi, rangi itapotelea wapi? Usiwe na wasiwasi.

Caro wako

Busia, 26 Machi 2024

Nyanya,

Natumaini goti limepoa. Huku nimechanganyikiwa. Wino alizaa Jumamosi: weusi watano, na wa sita mweupe kama unga wa muhogo. Ananyonya kuliko wenzake wote.

Arthur anasema watu wakimwona watadai Wino alipandwa na mbwa wa mtaani, na wateja watakimbia. Majirani wanasema mweupe aliyezaliwa na weusi ni mzimu, anaita kifo nyumbani. Arthur anataka huyu aondoke kabla John Paul hajaja kuchagua wake.

Niambie haraka nifanye nini.

Caro

Mwello, 28 Machi 2024

Caro, mwanangu,

Leo sisalimii. Usimguse.

Kabla mama yako hajazaliwa, mbwa wetu alizaa mweupe. Mama mkwe wangu akasema anaita kifo. Mtoto wangu wa kwanza, Apendi, alikuwa na surua siku hizo. Nikajaza maji chunguni. Nilimshika yule mbwa mdogo chini kwa mkono huu huu. Alikuwa na joto, Caro. Alipiga miguu kidogo tu.

Apendi alikufa siku ya tatu. Ilikuwa surua. Yule mdogo hakuita kitu, na kumuua hakukufukuza kitu. Lakini bado analia. Nikichota maji namsikia. Padri akinyamaza kidogo kanisani namsikia. Sijamwambia mtu, hata Othieno alikufa bila kujua. Joanita analia, namwambia aandike tu.

Mfunge kwenye leso umpe Osire. Nitamlisha mwenyewe.

Nyanya yako

Busia, 9 Juni 2024

Nyanya,

Nisamehe kwa kimya. Malori yaliziba mpakani, Osire akakwama, barua yako ikafika Jumamosi ile ya mwisho wa Machi. Mimi nilikuwa nimemaliza Alhamisi. Kwa ndoo. Arthur alikataa kushika, nikashika mimi.

Wino aliizunguka ile ndoo wiki nzima. Nikaitupa. Akawa anazunguka mahali ilipokuwa.

Wale weusi, wawili wamekufa. Wa John Paul anaanguka, povu mdomoni, miguu inakimbia hewani. Alinirudishia mbele ya wateja wake, akaniuliza kama huyu ndiye yule mkali. Nikaenda kwa Maximilla, daktari wa mifugo. Akasema rangi haileti ukali, wala uoga, wala kifo. Weupe ulikuwa umejificha ndani ya Kanali, akampa Wino, na nilipowapandisha ukakutana na mwenzake. Kifafa nacho huenda kilipita njia hiyo hiyo. Yule mweupe, alisema, angekua vizuri tu. Nilimuuliza mara mbili.

Arthur anataka tuwapandishe tena Wino akipata joto. Anasema wateja wa Kisumu hawajasikia habari hizi.

Nyanya, nikifungua bomba nasikia.

Caro

Mwello, 13 Juni 2024

Caro, mwanangu,

Nimekuonya, hukusikia, na bado wewe ni wangu. Kula. Oga. Halafu mpeleke Wino kwa huyo Maximilla afungwe kizazi. Nenda kwa kila mtu uliyemuuzia, umwambie ulifanya nini, kwa mdomo wako. Arthur akipiga kelele, mwache apige. Akizidi, mlete mbwa kwangu.

Nijibu.

Nyanya yako

Mwello, 21 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Umelalaje? Hukunijibu. Lakini jana Osire alifika na Wino, amemfunga kwa leso kama anampeleka mgonjwa zahanati. Tumboni ana mshono, umepona vizuri. Barua nilitafuta mpaka mifukoni mwa Osire. Anasema ulimpa kamba ukarudi ndani. Anasema pia kwamba ulisimama dukani kwa John Paul ukasema yote watu wakisikia, na kwamba Arthur hajakusemesha tangu siku hiyo. Basi nimejua.

Wino amekula ugali wa mtama, sasa amelala juu ya miguu yangu, mzito kama gunia. Asubuhi mtu wa Lunyo alimwona akamtamani kwa dume lake, kwa ajili ya huo weusi. Nilimwonyesha mshono. Alipobishana nikamwonyesha fimbo.

Sitakuambia hiyo sauti itaisha. Mimi meno yameisha, yenyewe haijaisha. Lakini miaka yote niliisikia peke yangu, nimefunga mdomo, na hilo ndilo lililonila. Kwa hiyo njoo. Kitanda cha mama yako nimekitandika. Ikilia, utaniuliza, "Nyanya, umesikia?" Nami nitasema nimesikia.

Nyanya yako