Kiu ya Kogo

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kidonge, uji, mtoto mgongoni, shambani. Nimechuna majani ya chai mpaka jua likawa kali. Tangu daktari wa Kericho aongeze ile dawa ya huzuni, naamka. Hilo sikatai. Mwezi wa kwanza nilikuwa wa kulala tu, Chebet akilia, na mume wangu Daudi akasema nikiendelea hivyo atampeleka mtoto kwa mama yake Bomet. Basi naamka. Lakini pombe ya busaa! Mimi mama wa kwaya, sijawahi kuipenda, sasa naitamani mpaka mate yananitoka. Shetani gani huyu?

Alhamisi, 7 Machi
Nimekunywa. Kwa jirani, nyuma ya zizi. Kikombe kimoja kikaita kingine. Hata haikuwa tamu. Nikataka tena. Nimetafuna majani ya mpera njiani, kazi bure. Daudi alinusa, akamhamishia Chebet upande wake wa kitanda. Afadhali angenipigia kelele.

Jumapili, 10 Machi
Senge, shangazi yangu, amekuja baada ya kanisa. Daudi ndiye alimwita. Nimemweleza yote, nimechoka kuficha. Hakushtuka. Akasema nilipozaliwa waliita majina ya wafu wetu mmoja mmoja, nikapiga chafya lilipotajwa la Kogo, nyanya yangu, mama yake yeye Senge, ndipo wakajua ni yeye amerudi ndani yangu. Kogo alipika pombe iliyojulikana mpaka Soin. "Sasa yuko na kiu. Mpe chake, na hizo dawa za wazimu utupe."
Nikacheka. Halafu nikalia, kwa sababu maneno yake yaliniingia. Daktari hata hakutaja kiu.

Jumatano, 13 Machi
Tumemmwagia Kogo busaa mlangoni. Niliambiwa nionje, niteme. Nikameza. Senge akafurahi, eti ni Kogo amemeza. Dawa yote imeingia chooni.

Jumatatu, 25 Machi
Kiu imeisha! Nimepita kwa jirani, harufu ni ile ile, sikugeuka. Senge anatangaza kila mahali. Daudi anaimba akikama ng'ombe. Nimefurahi pia, ingawa leo nimechelewa kuamka.

Jumatatu, 8 Aprili
Pasaka imepita, sikuenda. Sinywi. Siamki pia. Majani yamekomaa shambani mpaka ni aibu. Chebet akilia nasikia kama mtoto wa watu. Daudi amekunja nguo zote za mtoto, ametia kwa mfuko. Bomet, wiki ijayo. Woi, mtoto wangu, na sina nguvu hata ya kukataa.
Kumbe hiyo kiu ilikuja na dawa ikaenda na dawa. Kogo wa watu hana makosa. Nimemwambia Daudi hivyo tu, nikageukia ukuta.

Jumatano, 17 Aprili
Daudi alinipeleka mimi Kericho badala ya kumpeleka mtoto Bomet. Sijui nini kilimgeuza, sikuuliza. Daktari aliuliza kiu ilianza lini. Baada ya kuongezewa dawa, nikasema. Hakucheka. Ameshawahi kusikia hivyo kwa wagonjwa wachache, hajui hakika ni kwa nini. Alinigombeza sana kwa kuacha ghafla bila kumwambia. Amenipa dawa ya aina nyingine, tuanze kidogo kidogo. Pombe hata tone hapana, hata ya wafu.
Daudi akauliza, "Na Kogo je?"
"Kogo angoje," daktari akasema.
Daudi akacheka. Mwaka huu sikuwa nimemsikia akicheka. Mimi nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

Jumamosi, 11 Mei
Mvua tangu asubuhi. Dawa mpya inakausha mdomo, inafunga tumbo, nasinzia hata nikiwa nimesimama. Senge haji siku hizi, amekasirika kwa niaba ya mama yake. Juzi nilifikiria busaa kidogo, ikapita. Jana nilichuna kikapu nusu, mgongo ukakataa, nikarudi nyumbani. Sijapona. Naamka tu.
Daudi ameenda Kedowa kutafuta mbolea, amesema atarudi jioni. Ameniachia Chebet, hakumwita mtu wa kunichunga. Nimempikia Chebet viazi, amekula, amelala.