Mkasi wa Zabibu Nyeusi

Baba Neema,

Jana nimefungua chupa yako ya mwisho ya mvinyo, ile uliyoificha kabatini nyuma ya makoti. Usininunie, nilikuwa na sababu.

Mdogo wako Daudi alipiga simu kutoka Hombolo. Kuna mtu anataka kununua shamba lako la zabibu, ang'oe mizabibu yote apande alizeti. Daudi anasema zabibu nyeusi hainunuliki, watu wanataka ile nyeupe, na tangu ututoke hakuna wa kutuma hela ya kupogolea. Akaomba jibu kabla ya Jumapili. Wiki nzima nimepakia maboksi kule kazini Eagan, huku huku Marekani, bila kujua ninachopakia.

Unakumbuka siku ile dukani Woodbury? Ulisimama mbele ya rafu ya mvinyo ukaniita kama mtu aliyekutana na ndugu yake. "Mama Neema, njoo uone, zabibu yetu!" Teroldego, imeandikwa kabisa, kutoka kaskazini mwa Italia ilikotoka miche yenu. Muuzaji akatuambia hata kwao ilidharauliwa miaka mingi, ikachanganywa tu kwenye mvinyo wa bei rahisi, mpaka wachache wakaamua kuitunza. Njia nzima uliongea peke yako. "Na sisi zamu yetu itafika."

Mvinyo wa watu, wewe ukaunywea kwenye kikombe cha chai, kwa ugali wa uwele na mlenda! Chupa nyingine ukaiweka nje kibarazani mwezi wa Januari ipate ubaridi, ikaganda hadi kizibo kikatoka chenyewe. Mgogo na baridi ya Fridley, wapi na wapi! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijacheka vile tena.

Na mkasi wako wa kupogolea. Uliuleta Marekani, kwenye nyumba ya kupanga isiyo na hata ua moja. Kila msimu wa kupogolea ulipofika nyumbani, uliutia mafuta ukaurudisha kwenye droo. Nilikuwa nakutania. Siku hizi nikifungua droo hiyo nalia.

Basi jana nilipika mlenda. Neema, huyu binti yako mtu mzima aliyeukimbia tangu utotoni na kutujibu Kiingereza, alikaa akala. Nikammiminia mvinyo kidogo kwenye kikombe chako, nikamweleza alichosema Daudi. Akaonja, akaonja tena.

"Mama, wasing'oe. Please."

Nimempigia Daudi. Shamba haliuzwi. Msimu wa kupogolea tunakwenda mimi na Neema, atatufundisha. Sijui kama tutaweza kila mwaka, na kusema kweli naogopa. Lakini mwaka huu tunakwenda.

Pumzika, mume wangu, hapo chini ya theluji. Nikirudi nitakuja kaburini na kikombe chako, nikusimulie mzabibu mmoja mmoja. Mkasi nimeshautia mafuta. Nilitaka kuufunga kwenye sanduku langu, nikakuta Neema ameshauweka kwenye lake.

Mkeo,
Mama Neema