Ufa Nyuma ya Sanduku Lako

Maskati, mwanzo wa joto, 1969

Dada Zuwena,

Imamu wa msikiti wetu ameniambia kuwa maiti haandikiwi barua, maiti huombewa dua. Nikamjibu kuwa dua nimeomba na bado naomba, lakini kwenye dua mtu hagombani, na mimi nina ugomvi na wewe. Akasema, "Astaghfirullah, Khalfan," akaondoka na viatu vyake mkononi. Ungekuwapo ungecheka mpaka ukashika mbavu, kisha ungenituma nimkimbilie nikamtake radhi.

Sikumkimbilia.

Nimekaa chumbani mwako ghorofani, juu ya mto wako, bega langu limeegemea koo la nyumba. Hilo jina ulilitoa wewe, siku ile tulipoingia humu na vifurushi vyetu kutoka Unguja, baada ya mwaka wa sitini na nne kututoa kila mmoja kwa mlango wake. Salum, mtoto wa ami yetu, alituonesha mnara wa upepo juu ya paa, ambao wenyewe wanauita barjil, na njia yake inayoshuka ndani ya ukuta, ikapita ubavuni mwa chumba chako, ikafungukia chini kwenye majlisi ya wanaume. Ukatia kichwa ukachungulia. Ukasema, "Nyumba ya kule ilikuwa na masikio tu. Hii ina koo."

Salum hakucheka. Salum hakuwahi kucheka kwa neno lako hata moja, na bado hajaanza.

Nchi nzima haikuwa na gazeti, na mimi sikujua kazi nyingine. Mtu aliyekuwa akiandika makala za kuwatoa wakubwa jasho akapewa nyumba tatu za ukoo azitunze: hii kongwe, ile ya Matrah aliyoijenga ami, na kiwanja cha Ruwi ambacho kilikuwa bado mawe. Siku hiyo nilikuwa sina raha hata ya kula. Ukanisukumia sahani. "Si kitu, Bwana Gazeti. Kule ulikuwa ukiziba watu midomo, hapa utaziba nyufa."

Na nyufa zilikuwapo. Koo la barjil likipasuka, upepo hupotea njiani, na ukifika chini umekuwa pumzi ya mgonjwa. Jirani akaniambia niwahi kuziba kabla ya joto, nizibe kwa saruj. Mimi, msomi, nikasikia saruji. Nikaenda nikanunua mfuko ulioshushwa melini, nikakoroga, nikapaka, nikajipa hongera. Kumbe saruj ya watu hawa ni udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende, ukasagwa, ukakandwa na kupigwa mpaka ukawa laini kama unga wa maandazi. Neno ni lilelile moja. Sisi tumeliongezea herufi mkiani, tukaliingiza kwenye mfuko wa Mzungu. Saruji yangu ikajishika yenyewe, ukuta haukuijua. Mchana mmoja wa joto, wageni wamekaa, pande zima likabanduka likashuka na koo, likatua katikati ya sinia la pilau. Kisha sauti yako ikatoka ngazini: "Bwana Gazeti! Toleo la leo limetoka!"

Hata Maalim Hemed alicheka, yeye ambaye tangu aache kufundisha hajacheka ila mtu akikosea nahau. Usiku wake ukaniambia, "Mtu wa magazeti kushindwa na herufi moja!" Mwezi mzima ukinipa chai ukiniuliza kama nataka sukari au sukar.

Ubani ulikuwa hila yako vilevile. Mimi nilikuwa nikipapasa ukuta kwa viganja kama kipofu, nikitafuta unapovuja. Ukaniletea chetezo. "Weka huku chini kwenye mdomo, funika juu kwa gunia la maji, mimi nitakwambia moshi unatokea wapi." Nikawa napepea chini, wewe ghorofani unazunguka chumba chako na kuita: "Huku! Karibu na dirisha! Hapa pia, mama yangu, panatoka kama bomba la meli!" Nikapanda na karai la saruj, nikaziba. Kila mwaka tulifanya hivyo kabla ya joto. Na kila mwaka nilikuuliza, "Na nyuma ya sanduku?" Ukanijibu, "Nyuma ya sanduku pakavu. Nnakwambia pakavu. Usilisukume, lina vyombo vya mama."

Ugomvi wangu uko hapo, Dada.

Unajua mabaraza yetu ya alasiri yalivyokuwa. Wanaume waliokimbia kisiwa kimoja, wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja anajua nani aliyekipoteza na hakuna aliyewahi kujitaja. Nilikuwa nikiwapiga. Niliwaambia tulilala juu ya migongo ya watu na tukashangaa walipoinuka. Niliwaambia kuwa wanaolilia mikarafuu hawakuwahi kuupanda mkarafuu hata mmoja. Maalim Hemed ananijibu kwa utulivu wake unaochoma, mimi napaza sauti, Salum anatuomba kwa jina la Mtume tuseme polepole, maana kuta hizi ni za jirani pia.

Asubuhi, mbele ya chai, unaniambia bila kuinua macho: "Jana ulishinda kwa kelele tu. Hemed alikuwa na hoja." Au: "Ulisahau kusema habari ya shule. Hapo ungemmaliza." Na mara ile nilipowaapia kuwa tutarudi kwetu, kwamba ni suala la wakati, ukakoroga chai muda mrefu. "Mtu anayejua atarudi haapi hivyo, mdogo wangu." Nilikuchukia siku nzima. Hoja ile sijaijibu mpaka leo.

Nilidhani unasikia kutoka ngazini. Sikuwahi kujiuliza zaidi. Kule nyumbani ulikuwa ukikaa nyuma ya pazia, na neno likikukera unajibu kutoka hukohuko, na wanaume wanakujibu wakilitazama pazia. Huku pazia limekuwa ukuta. Nikadhani umekubali. Nilijua kupinga dola nzima na sikujua kuwa wewe hukuwahi kukubali kitu.

Ukafa katika joto lile la mwaka jana. Homa ndogo, kisha moyo ukachoka, na upepo wa bara ulikuwa ukishuka milimani kama mtu amefungua tanuri. Nilipepea kwa mkono. Koo lilikuwa zima, nimeliziba vizuri, na halikuleta ila moto. Naandika hili bila kulaumu mtu. Hakuna wa kumlaumu, na kwangu hilo ni gumu kuliko msiba wenyewe.

Siku ya tatu ya matanga walifukiza ubani chini majlisini, karibu na mdomo wa barjil. Juu ya paa nilikuwa nimeacha gunia la maji, kwa sababu ya vumbi. Nikapanda chumbani kwako nilitoe lile sanduku, vyombo vya mama na nguo zako zigawiwe. Nikauona moshi. Ulikuwa ukitoka nyuma ya sanduku, mwembamba, umenyooka, bila haraka.

Pakavu, Dada?

Nikalivuta. Ufa wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Kingo zake zimekwanguliwa zikawa laini. Ndani kimeshindiliwa kipande cha kanga, kimelegea kwa kutolewa na kurudishwa. Na chini, kati ya sanduku na ukuta, mto huu niliokalia, umebonyea katikati. Nikakichomoa kitambaa, nikatega sikio. Maalim Hemed alikuwa chini kabisa, ng'ambo ya ghorofa nzima, akimwomba mtu kijiko. Nilimsikia kama ananinong'oneza shingoni. Nilisikia hata alivyovuta kamasi, maana alikuwa akikulilia.

Miaka minne umekaa hapa. Miaka minne nilipiga kelele pale chini nikidhani nahutubia taifa lililotawanyika, na waliokuwa wakinisikiliza wanangoja kahawa tu. Msomaji wangu alikuwa mmoja, amekaa sakafuni nyuma ya sanduku la vyombo vya mama, na kila mwaka alinidanganya nikiwa na karai mkononi ili nisimzibe.

Kwa nini hukuniambia? Ningekuziba? Nafikiri ningekuziba. Ningesema kuhusu adabu, kuhusu hatari, na kuhusu upepo unaopotea. Ningeandika na makala kichwani. Ulinijua.

Nikakitazama kile kitambaa. Kimechanwa kutoka kwenye kanga ya maneno, na maneno yamebaki nusu: SEMA USI. Nusu ya pili sijaipata ndani ya sanduku wala nje. Sema usichoke? Sema usitukane? Sema usinichoshe? Nimewauliza wanawake wote wa Unguja walioko Matrah na Maskati, hakuna anayeikumbuka kanga hiyo. Mmoja akaniambia, "Sema usiulize maswali ya kike, Bwana Khalfan." Nimebishana na watu wenye vyeo vikubwa, na sasa nabishana na kitambaa, na kitambaa kinanishinda.

Tangu siku hiyo siwezi kusema barazani. Najaribu. Naanza vizuri, kisha najikuta nimegeukia mdomo wa barjil, sauti inanipanda kuelekea huko, nangoja. Juzi Maalim Hemed akaniuliza, "Khalfan, unahutubia ukuta?" Wakacheka. Sikumjibu. Mimi. Akanitazama, na nikaona ameingiwa na hofu, akanisogezea halwa yake mwenyewe.

Sasa khabari mbaya zaidi. Nyumba ya Ruwi imekwisha, ya bloku na saruji tupu, saruji ya kwetu, yenye herufi mkiani. Ina jenereta uani na mashine ya baridi moja, na juu ya dari kuna mfereji wa mabati unaogawa baridi vyumba vitatu. Kila ungio la bati linavuja. Nililijaribu kwa ubani, kama ulivyonifundisha, lakini mashine inapuliza kwa nguvu, moshi ukatawanyika kabla sijauona. Nimeziba kwa vitambaa na lami, kwa kubahatisha. Baridi nyingi inaishia darini. Mijusi wa Ruwi wanalala pazuri kuliko mashekhe. Ile ya Matrah ndiyo imekufa kabisa. Aliyeitengeneza kabla yangu alitia saruji juu ya saruj, ikabanduka, ikaondoka na nusu ya koo. Umri wa nyumba naujua sasa kwa nyufa zake. Ya kale hupasuka polepole, nayo hukubali kuzibwa. Mpya inavuja siku ya kwanza, na hakuna wa kukwambia wapi.

Na Salum amenogewa. Anataka mashine nyingine humu. Chumba chako ndicho atakachokaa yeye, na majlisi chini ipate baridi. Nikamwambia barjil inatosha. Akasema, "Baridi nimeinunua mimi, Khalfan, na wewe unataka itoke paani ikawapoze njiwa?" Mafundi watakuja kabla ya Ijumaa kuujaza mnara bloku kwa juu na kuuziba mdomo wa chini. Nikafanya kosa la kumwonesha ufa wako. Nilidhani akiona mto, akiona ulivyobonyea, ataelewa. Akabadilika rangi. "Tundu la kusikilizia! Nyumbani kwangu! Siku hizi watu wanafungwa kwa neno moja!" Akafunga dirisha ndipo akaendelea. "Uzibe leo. Uzibe wewe mwenyewe, fundi asiuone."

Unajua mimi ni mtu wa kukataa. Nimekataa watu wakubwa kuliko Salum. Lakini nimekaa kwenye nyumba yake, nala chakula chake, na huko nje hakuna kisiwa kinachoningoja. Nilifungua mdomo kumjibu, nikasikia kijiko chako kinakoroga chai. Nikanyamaza. Akadhani nimekubali.

Karai liko hapa miguuni. Saruji nusu mfuko aliniachia mlangoni, makusudi. Sikuigusa. Nimekanda saruj, ile ya udongo na moto, na nimeikanda haraka, sikuipiga inavyotakiwa. Kanga yako nitairudisha ndani palepale, SEMA USI, maneno yakielekea kooni. Kisha nitapaka, na nikishapaka sitaimwagilia maji siku za mwanzo kama inavyopasa. Saruj isiyonyweshwa hupasuka hata mwaka haujaisha. Jirani yule yule alinionya.

Najua. Siku ufa huu ukipasuka tena, nyuma yake hakutakuwa na upepo tena, wala moshi, wala Hemed akiomba kijiko. Kutakuwa na giza la bloku na hewa iliyofungiwa. Utakuwa ufa usiofika popote, na huenda Salum atamwita mtu mwingine aupake rangi, na mimi sitakuwapo wala sitakuwa na la kusema. Sikuandikii kwa matumaini. Nimeyatafuta chumba kizima, hayamo.

Lakini ahadi nakupa, ndiyo pekee niliyobaki nayo, na haimfai mtunza nyumba. Mola akuweke pahala pa upepo mwema, Dada Zuwena, na akujaalie watu wa kubishana nao wanaojua hoja. Naondoka kwenye mto wako sasa, maana udongo unakauka.

Nitaziba, kwa sababu sina budi. Nakuahidi nitaziba vibaya.

Mdogo wako,
Khalfan