Jina Alilokunong'oneza Bibi

Kwai, Lushoto

Mwanaidi, mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, na kama hujaniamkia basi rudi uanze upya. Mimi bado ndiye mkubwa, hata kama wewe ndiye uliyebaki na meno. Hujambo lakini? Goti limeacha kelele? Na yule mbuzi wako mwizi, bado anakula kanga za watu?

Pokea kwanza habari njema. Kaka yako amekuwa mtu mkubwa huku milimani. Nimepewa kilima kizima, migomba upande huu, kijito upande ule, na nyumba ya bati katikati. Asubuhi watoto wa ukoo wanapanga mstari kunipa shikamoo, nami naitikia nikiwa nimekaa, kwa kuchoka kuitikia nikiwa nimesimama. Ukiwasomea majirani, ishia hapo hapo. Kunja barua, ingia ndani, ufunge mlango.

Umefunga? Haya. Hakuna kilima. Ninalala kwenye banda la nyasi za ng'ombe, na baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mafuta ya taa. Nina kikohozi kama cha trekta. Anayenipa shikamoo ni ndama mmoja tu, naye nadhani ananidhania mama yake.

Barua yako niliisoma mwenyewe. Usicheke. Huku wazee wote tunatiwa darasani jioni, tunakaa kwenye viti vya watoto magoti yakigusa masikio. Niliposoma kuwa Seifu amekuja na kamba kuupima uwanja wetu, na kwamba amekwambia mbele ya watu, "Wazalia, watoto wa watumwa wa nyumbani, hawarithi, wanahifadhiwa tu, na kuhifadhi kumekwisha," herufi zilinicheza machoni. Babu yake alimnunua bibi yetu, basi yeye anadhani amerithi mpaka vivuli vyetu. Siku ya Uhuru tulicheza ngoma moja, mimi na Seifu, bega kwa bega, jasho lake likinidondokea. Nikadhani neno lile limezikwa siku ile. Kumbe lilikuwa limelala.

Umeniuliza: kama mvua zikianza Seifu akatutoa, twende wapi? Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kikohozi. Kwa hiyo nakueleza yote, hata yale ambayo nilitaka kuyameza.

Huku nakamua ng'ombe na Mzigua mmoja anaitwa Mhando. Ni mtani wangu, basi hatuheshimiani hata kidogo. Ananiambia, "Wewe uliuzwa kwa mahindi, nina uhakika walirudishiwa chenji." Nami namwambia watu wake hawakuhitaji hata mwuzaji, maana wakati wa njaa walijipeleka pwani wenyewe wafuate chakula, wakajikuta Usomali wamepewa jembe. Yupo na Mngoni anayesema babu yake yeye ndiye alikuwa akikamata watu, na analisema polepole, akiangalia ndoo. Mwalimu wetu wa jioni akatuambia si sisi tu. Warumi walikuwa na watumwa, Waarabu walikuwa nao, Wazungu waliwabeba watu mpaka Amerika wakalime pamba, na humu humu milimani machifu walikuwa nao. Nikamuuliza, "Mwalimu, kuna watu popote ambao hawakuuza wala kuuzwa?" Akafikiri sana. Halafu akafuta ubao, na darasa likaisha.

Sasa sikiliza. Mhando alinichukua siku moja tukavunje mahindi kwa watu fulani huku juu. Tukamaliza shamba zima, nikaona wameacha bua moja limesimama na hindi lake. Nikalishika nilivunje. Mwenye shamba akapiga kelele, "Mghoshi, acha hilo!" Ndivyo wanavyomwita mwanamume huku. Nikauliza kuna nini. Akasema katika nyumba yao bua moja haliguswi kila mavuno, ni la mtoto aliyetelemshwa nyika. Zamani za njaa, babu yao mmoja, kiguru wa kuchechemea, alimweka mtoto wa dada yake rehani kwa kikapu cha mahindi. Mavuno yalipofika akaenda kumkomboa, akakuta ameshauzwa.

Mwanaidi, nililiachia lile bua. Mjomba kiguru! Kikapu cha mahindi! Tulisikia hayo kwa bibi mpaka tukayachoka, kwamba aliyempokea alimtelemsha nyika, na wa nyika akamtelemsha Pangani, na huko babu yake Seifu akampa jina Faida, kama vile anaandika kwenye gunia. Kumbe wakati wote sisi tunalala njaa, ndege wa Lushoto walikuwa wanakula sehemu yetu.

Wakanipeleka kwa mkubwa wa ukoo, mama mzee sana, Bibi Naemi, Mlutheri wa kuimba. Mjomba yule kiguru ni babu yake mzaa baba. Nilipoeleza alinishika uso kwa viganja viwili kama anachagua boga. Akalia. Akasema, "Ni kama Yusufu."

Nikamwambia, "Mama, Yusufu ndugu zake ndio waliomfuata kuomba nafaka. Mimi niliyeuzwa ndiye nimekuja kuomba."

Akacheka katikati ya kilio, nikaliona jino lake lililobaki. Akaniambia nitapewa mahali kijijini, nikuite na wewe, tulime pamoja na wenzetu, na siku ikifika tutalazwa chini ya migomba ya ukoo. Mimi, Mwanaidi, ambaye sijawahi kulala chini ya kitu changu!

Basi ukaitishwa mkutano wa kijiji wanipokee. Mwenyekiti, Mzee Yohana, ni mtu mwema, anaongea Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akasimama akasema, "Ndugu wananchi, huyu mzee kuanzia leo si mgeni. Huyu ni mzalia wetu."

Wakapiga makofi.

"Mzalia wetu," akasema, "simama tukuone."

Nilisimama, ndiyo. Lakini aliyesimama sikuwa mimi, alikuwa yule mtoto aliyekuwa akiitwa hivyo kwenye mlango wa kina Seifu, akiambiwa ale uani. Nikasema, "Mzalia ni mama yako!" Mhando akanivuta koti. Nikamnyang'anya koti. Nikasema nimetoka baharini mpaka mawinguni nikilikimbia neno hilo, nanyi mmenitandikia kama mkeka. Nikasema wa kuona haya hapa ni nani, aliyeuzwa au aliyeuza mtoto wa dada yake kwa kikapu? Nikasema na mengine, ambayo hata mbuzi wako asingeyala.

Wanawake wakaanza kukusanya watoto wao. Heri wangenipiga.

Mwalimu wa jioni akaja taratibu akaniambia sikioni, "Mzee, huku mzalia ni mtu aliyezaliwa hapa. Mwenyeji kabisa. Alikuwa anakusifu."

"Hiyo ni mzaliwa," nikasema.

"Ndiyo, mzee. Ameangusha herufi moja."

Herufi moja! Wewe unanijua, maisha yangu yote nimewacheka watu wa bara kwa Kiswahili chao. Nao kwa Kiswahili chao kibovu walikuwa wananipa kwetu, mimi kwa changu kizuri nikapatupa chini.

Nilikwenda kwa Mzee Yohana nikamwomba radhi. Akanipa ugali na maziwa ya mgando, akasema yeye hana kinyongo. Ila vijana wa kamati wamekataa. Wanasema mimi ni mjanja wa pwani ninayetafuta shamba, na hadithi ya kiguru inaweza kusikika sokoni kwa yeyote mwenye masikio. Bibi Naemi akawaambia, "Basi tumpime. Jina la yule mtoto halijawahi kutoka nje ya nyumba hii." Akanigeukia. "Mwanangu, bibi yako alikuwa anaitwa nani?"

Nikasema, "Faida."

Akatikisa kichwa. "Hilo ni jina la aliyemnunua. Mimi nakuuliza jina la aliyemzaa."

Niliokota kofia yangu nikatoka, mimi mwenye maneno. Mwanaidi, bibi wa watu amekufa na sijui anaitwa nani.

Sasa mambo yamebana. Msimamizi wa ng'ombe hapa ameniambia banda linatakiwa kwa nyasi mpya na mzee mwenye kikohozi hatakiwi karibu na maziwa. Kamati inagawa mashamba kabla ya mvua, na ikishagawa imeshagawa. Mhando ameninong'oneza kwa utani kuwa vibarua wasio na kwao wanazikwa kule bondeni penye maji, nisisahau viatu. Nilicheka. Alipogeuka nililia, na ndama akanilamba.

Nisalimie shemeji mwenye cherehani, umwambie suruali aliyonishonea imeshinda baridi kuliko mimi. Msalimie mke wa marehemu binamu yetu, yule mpika vitumbua, na Maalim aliyenichapa kwenye chuo cha Kurani, kama yu hai. Seifu usimsalimie, ila kamba yake ikikatika nijulishe.

Na sasa nakudai. Siku ile nilipovua samaki changu mkubwa kuliko mkono wangu, uliomba kichwa chake ukakila chote, mpaka macho, ukasema, "Nitakulipa kaka, chochote utakacho." Sijawahi kukudai. Leo nataka kichwa changu.

Bibi alipokuwa anakata roho wewe ndiye uliyekuwa umemshika. Alikuvuta sikio akakwambia jina lake, mimi nikiwa mlangoni, na nilisikia alivyomalizia: "Usimwambie Mbaruku, ataligeuza wimbo." Alikuwa na haki, nilikuwa nageuza kila jina wimbo. Lakini naapa kwa Mungu, hili sitaliimba. Nitalitamka mara moja tu, mbele ya Bibi Naemi, nikiwa nimevua kofia.

Hapa chini nimetia sahihi yangu na kuacha nafasi. Ijaze, kata kipande, kitie kwenye bahasha leo leo, umpe dereva wa basi la Tanga. Usingoje goti lipone.

Ni mimi kaka yako,
Mbaruku, mjukuu wa ..............................