Siku ya Tatu ya Uhuru

Asunción,
15 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii, nitakayomkabidhi dereva wa basi la jioni, itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa nafuu licha ya baridi ya mwezi huu. Mimi sijambo, ila sauti imenikauka kwa sababu utakazozisoma. Ningeweza kupiga simu, lakini nililonalo leo lahitaji sentensi zilizopangwa.

Wakumbuka agizo lako: redio isiponiajiri kufikia sikukuu ya uhuru, nirudi Villarrica nikafundishe shule ya msingi. Basi jana ndiyo iliyokuwa siku yangu ya mwisho ya majaribio. Bwana Ovelar, meneja wetu, alinipa mashindano ya chemsha bongo kuhusu uhuru, niyatungie maswali na kuyaamua mwenyewe, hewani. Alinieleza bila kuficha kwamba yakipooza, ajira hakuna.

Mwishoni walibaki wawili: Bi Eustaquia, mshonaji, na Bwana Servián, mfamasia. Niliwauliza, kwa kujiamini kwa mtu mwenye shahada, nchi yetu ilipata uhuru tarehe ngapi ya Mei. Bi Eustaquia akasema kumi na nne, kwa kuwa usiku ule ndipo vijana wetu walipopenya kichochoroni wakaenda kuiteka kambi. Bwana Servián akasema kumi na tano, kwa kuwa gavana wa Wahispania alisalimu amri kulipokucha. Karatasi yangu ilisema kumi na tano. Kabla sijafungua kinywa, yule bibi akaniuliza kama nimewahi kuzaa. Nilipokiri kwamba bado, akasema, “Ndiyo maana. Uchungu ukianza usiku, mwanangu, kazi imefanyika usiku. Huyu mfamasia kaja asubuhi kula keki.” Bwana Servián akamjibu kwamba kwa hesabu za namna hiyo, hashangai suruali aliyomshonea kuishia magotini.

Nikataka kuwapatanisha kwa elimu. Nikaeleza kwamba tamko rasmi la uhuru halikuandikwa usiku ule wala alfajiri ile, bali tarehe 25 Novemba 1842, miaka thelathini na moja baadaye. Mama, simu zote zikalia kwa pamoja. Mchinjaji mmoja wa Luque aliniita msaliti. Mwalimu mstaafu akanitetea. Mama mmoja akalalamika kwamba kwa sikukuu mbili tu mumewe hashiki jembe. Zikiwa tatu, itabidi amzike. Nikaamua kapu la zawadi ligawanywe. Wote wawili wakakataa, kila mmoja akisema yeye hali nusu.

Kipindi kilipokwisha nilianza kufikiria namna ya kufungasha vitabu vyangu. Bwana Ovelar akaingia akiwa na kibuyu chake cha chai ya mate mkononi, akavuta funda kwa mrija, akasema, “Dada, umegombanisha nchi nzima bila kumtukana mtu. Kesho njoo uendelee.”

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inasita. Ajira niliyopewa ni ya kudumu, na sharti lake ni kwamba kila mwaka tarehe kumi na nne na kumi na tano Mei niwe studio. Kwa kuwa Siku ya Mama huangukia sikukuu ileile, hutanisikia tena usiku wa kuamkia siku hiyo nikikuamsha kwa wimbo dirishani pako, kama ilivyo desturi, pamoja na Wilfrido na gitaa lake. Najua usiku wa kuamkia leo kaka yangu aliimba peke yake, na najua uliitafuta sauti yangu. Nimetia sahihi, Mama. Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa jirani mwenye redio.

Lakini nchi yenye siku mbili za uhuru, ambayo binti yako jana aliiongezea ya tatu, haiwezi kukunyima wewe moja. Tangu sasa siku yako ni tarehe kumi na sita, mwaka huu na kila mwaka nitakaojaliwa. Nisalimie Shangazi Petrona na majirani wote, pamoja na watakaonipinga. Kesho nitapanda basi la kwanza kabisa. Mwambie Wilfrido asizilegeze nyuzi za gitaa. Nawe ufunge dirisha, ujifanye umelala.

Ni mimi bintiyo, kwa heshima na mapenzi,

Celsa Irala
Mtangazaji