Serai ya Carama

Fundi,

Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na mi nina habari ambayo ilikuwa yako kuisikia kwanza.

Unakumbuka tulipojenga nyumba yako ya wageni pale mtaani Carama? Vyumba vyote vikitazama uani, ukuta wa nje bila dirisha, lango moja tu. Majirani wakasema unajenga gereza. Ukawajibu, "Apana, hii ni serai. Muhindi aliyenifundisha kazi aliiita hivyo." Mi nilikuwa nimetoka shule na Kifaransa changu, nimekuja kujifunza kazi kwako, nikakucheka: "Fundi, kwa Kifaransa serai ni 'nitakuwa'. Je serai. Sasa we utakuwa nini?" Vibarua wote wakacheka. We ukaendelea kupanga matofali. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Baada ya arobaini yako nilimsindikiza shemeji India kwa matibabu. Alipopata nafuu, dereva akatupitisha barabara ya zamani ya wafalme wa Mughali. Kando yake nikaona ukuta mrefu wa matofali membamba, hauna dirisha. Lango lake ngamia anapita na mzigo bila kuinama. Na kwenye ubao wa lango umekatwa mlango mdogo wa mtu mmoja, kama ule wa lango lako uliouita "mutoto wa mulango". Nikamwambia dereva asimame, tukaingia.

Ndani kuna uwanja wa mraba, kisima, msikiti mdogo. Vyumba vimezunguka pande zote nne, kila kimoja na upinde wake na kibaraza. Mzee anayepalinda alitueleza kwamba nyumba kama hii zilijengwa nyingi, mwendo wa siku moja kutoka hii hadi ile, wafanyabiashara na mahujaji wapumzike. Asubuhi lango halikufunguliwa mpaka kila mgeni aseme vitu vyake vimetimia. Kumbe ndiyo maana ya lango moja. Nikamwuliza nyumba hizi zinaitwaje. Akasema serai. Nililia mbele za watu, mi mtu mzima.

Subhanallah, fundi. Hukukaa darasani hata siku moja, na mkono wako ulibeba kazi ya watu waliokufa mamia ya miaka.

Niliporudi, watoto wako wakaniita. Walitaka nivunje lango, uani pajae maduka, kila duka na mlango wake wa barabarani. Nyundo zilikuwa tayari. Niliwaeleza yote, hata kile kicheko changu sikukificha. Binti yako mkubwa akainuka, akaenda kupapasa mutoto wa mulango. Aliporudi, alinipa ufunguo wa lango.

Basi pumzika, fundi wangu. Kila asubuhi, kabla sijafungua, nitawauliza wageni kama vitu vyao vimetimia. Na lile swali nililokucheka nalo, kumbe lilikuwa langu kulijibu. Je serai. Nitakuwa bawabu wako.