Mkeka wa Mzee Harbans Singh

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tusikie bangili yako ya chuma ikigonga ndoo gizani. Kabla jogoo hajawika ulikuwa umeshaoga, umeketi, unalitaja jina la Mungu taratibu. Mimi mkweo Munira nilizoea kuamka kwa mlio huo nikaswali alfajiri. Siku hizi naamshwa na simu.

Korogwe nzima walikuita Kalasinga, nawe ukaitika. Ila aliyekuuliza dini yenu ni ipi, ulimwekea kigoda ukamweleza. Ninyi ni Masikh, mnafuata mafundisho ya mwalimu wenu Guru Nanak: Mungu ni mmoja, hana sura, fanya kazi ya halali, gawana ulichopata, usimwone mtu yuko chini yako, awe mwanamume au mwanamke. Nywele hamkati, mnaziacha kama Mungu alivyozitoa. Na bangili je? "Mkono ukitaka kuiba, unaiona kwanza."

Siku mwanao Jasbir aliyonileta kwako kutoka Mkata nilijua utanitaka niache Uislamu wangu. Uliitikia shikamoo yangu, ukasema, "Sala yako inakwenda kwa Mungu, mwanangu, na yangu inakwenda kwake. Kwani huko yuko nani mwingine?"

Nilipoanza masomo ya jioni, binti yetu Simran ulimbeba wewe, mgongoni, kwa khanga yangu. Vijana wa bodaboda wakakutania, "Mzee Singa kawa yaya!" Ukawajibu, "Yaya analipwa. Mimi nafanya bure, kwa hiyo hamwezi kunifukuza." Matokeo yametoka, Baba. Nimefaulu.

Na ule mkeka wako. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ulizima mashine ya kuchomelea, ukatandika uani, ukapika dengu na chapati kwa yeyote apitaye. Langar, ndivyo mnavyokiita chakula hicho. Kiti hakikuwepo hata kimoja. Mwenye gari na mwenye ndala, wote chini.

Mzee Loserian, yule mfugaji wa Kimaasai, alipokuja mara ya kwanza kutoka Kang'ata alikuletea mbuzi, maana kwao mtu haendi kwenye shughuli mikono mitupu. Ukamweleza kwa upole kuwa chakula hiki hakitiwi nyama, ili mtu wa dini yoyote ale bila wasiwasi. Lakini zawadi hairudishwi, ukasema, basi tutamkama, maziwa yaingie kwenye chai. Loserian akakutazama sana. "Mzee," akasema, "huyu ni beberu." Ulicheka mpaka kilemba kikalegea. Beberu bado yupo, anakula mabaki ya chapati, kanenepa kuliko sisi.

Tulipokuchoma kwa desturi yenu na majivu yako yakaenda na maji ya Mto Pangani, Jasbir aliifunika ile sufuria kubwa ya dengu kifudifudi. "Watu walikuwa wanamfuata Mzee," akasema. "Sisi nani atatujia?" Mkeka ukakaa umekunjwa pembeni mwaka mzima. Nikaogopa Simran atakua akikijua kilemba chako kwenye picha tu, asimjue aliyekivaa.

Jumapili iliyopita, ya kwanza ya mwezi, nikamwomba Jasbir tujaribu, hata mara moja tu. Akaunga dengu, mimi nikasukuma chapati. Adhuhuri ikapita. Mkekani tukawa sisi watatu, na beberu anatuchungulia. Jasbir akaanza kufunika vyombo.

Wanaokukumbuka ni mwanao Jasbir, mimi mkweo, mjukuu wako Simran Kaur, dada yako Amrit Kaur wa Tanga, na jirani yako Bibi Mwaija, ambaye mpaka leo anasema dengu zako zilizidi tangawizi. Moyoni hututoki, Baba, leo wala kesho.

Ila hujasikia Jumapili hiyo iliishaje. Mzee Loserian alitokea langoni na fimbo yake, nyuma yake wapita njia wawili. Akasimama hapo hapo, anasita, kwa kuwa aliyezoea kumkaribisha hayupo. Mimi na Jasbir tukatazamana. Simran akasogea ukingoni mwa mkeka, akapangusa mahali kwa kiganja.

"Babu, kaa hapa tule."